Globu Niliyoing'oa Nikienda Kuposa

Chekeni, lakini msicheke kwa pamoja, maana aibu yenyewe ni kubwa na mkiimaliza yote mwanzoni hamtabakiwa na meno ya kuchekea kule mbele. Kwa miaka mingi, na nasema hivi nikiwa mtu mzima mwenye ndevu na cheti cha masomo ya jioni nilichokitia fremu nikakitundika sebuleni, niliamini kabisa kwamba ile taa nyekundu ya oil kwenye dashibodi ya gari inakunywa oil. Ndiyo, inakunywa. Itazameni ilivyochorwa: kibirika chenye mdomo mrefu, na tone linadondoka. Sasa hicho kama si koroboi ni nini? Na koroboi ikiwaka inakunywa nini, uji?

Aliyenipa elimu hiyo ni Side, dereva teksi wa Mwanjelwa hapa Mbeya, kijiwe chake kinatazamana na meza yangu ya viatu vya mtumba. Side anaongea kwa uhakika kiasi kwamba hata akikwambia leo ni Jumapili na wewe umetoka kazini, utarudi nyumbani kuvaa suti. Akanielekeza: "Ipyana, gari jipya lina oil ya kuchezea, koroboi ikiwaka haliumii. Gari kuukuu ukiiachia iwake mpaka Igawa, imeshakausha injini. Dawa yake moja tu, ng'oa globu." Nami nikaipokea kama kipaimara. (Kwenye masomo yale ya jioni, siku ya mada ya presha ya vimiminika, umeme ulikatika, mwalimu akasema tutarudia, hatukurudia. Nikafaulu hivyo hivyo, nikiwa na shimo kichwani lenye ukubwa wa mada nzima.)

Imani hiyo ingeweza kukaa kwangu kimya bila kumdhuru mtu, kama isingekuwa posa.

Nilikuwa nimempata Oliva, binti wa Mlandege, Iringa mjini, aliyekuja Mbeya kwenye harusi ya rafiki yake akaondoka na moyo wangu na jozi moja ya viatu. Baba yake ni Mhehe wa maneno machache, mzee aliyefanya kazi ya misitu kule Mafinga hadi akastaafu, na alikuwa ametuma ujumbe mmoja tu: "Huyo kijana aje na wazee wake. Sitaki kujua ana nini. Nataka nione anavyotunza alichonacho."

Mtu mwenye akili angepanda basi. Mimi nikasema, alichonacho si ndicho hiki? Nikamtoa Askofu. Askofu ni gari langu dogo, la zamani kuliko baadhi ya viongozi wetu, nililiita hivyo kwa sababu lina rangi ya zambarau na linapopita watu husimama pembeni kwa heshima (wengine husema ni kwa ajili ya moshi). Nikalipiga polishi mpaka inzi akitua anateleza, nikampakia Mjomba Angolwisye, mshenga wetu, mwimba besi wa kwaya ambaye hajawahi kutoa salamu ikawa fupi kuliko mahubiri, na Shangazi Sekela, dada wa baba, aliyekumbatia ndizi za Tukuyu za kuwapelekea wakwe kama anabeba mtoto mchanga.

Hatujavuka Uyole, taa ikawaka. Nyekundu, kibirika na tone lake.

"Ipyana," akasema Shangazi, "hiyo nini inatukodolea macho?"

"Kitu kidogo, Shangazi. Ngoja nifanye uchunguzi."

Nikasimama pembeni nikafungua boneti kwa madaha ya daktari bingwa, nikachomoa kijiti cha kupimia oil, nikakifuta, nikakizamisha, nikakichomoa tena, nikakiinua juani. Oil imejaa! Mpaka alama ya juu! Hapo ndugu zangu mtu mwingine angejiuliza, kama oil ipo, taa inalia nini? Mimi nikajiuliza pia, na jibu likanijia kwa sauti ya Side: inalia kwa sababu inakunywa. Nikaingia mvunguni mwa dashibodi kichwa chini, miguu nje, nikapapasa nyuma ya ile sahani ya spidi nikaipata globu, nikaing'oa, nikaitia mfuko wa shati. Taa kimya. Nikajisikia nimeokoa oil ya nchi nzima.

"Imepona?" akauliza Mjomba.

"Imepona kabisa."

"Kijana umesoma," akasema Mjomba, na mimi sikubisha.

Askofu alitembea vizuri mpaka Makambako, au niseme alivumilia. Baada ya hapo ikaanza sauti ndani ya injini, ko, ko, ko, kama mgeni mwenye adabu anabisha hodi. Nikasema ni baridi ya huku. Tulipopanda kilima sauti ikawa kokokoko, mgeni sasa amekosa adabu. Mjomba badala ya kuuliza akaanza wimbo wa kwaya akiufuatisha na mapigo yale, akisema injini imemshika vizuri sana kwenye ngoma, na nikikanyaga mafuta wimbo unakwenda mbio, nikiachia unapoa, mpaka Shangazi akatukata kauli: "Nyie mnaimba, mwenzenu anakufa." Kweli, tulipoipita Mafinga, katikati ya misonobari, Askofu akatoa mlio mmoja mrefu wa chuma kukatika moyo, akatema moshi, akagoma. Nikawasha, wapi. Injini ilikuwa imekamata, haizunguki hata kwa maombi, na Mjomba aliyajaribu.

Tulikaa hapo tukinusa harufu ya mbao na ya injini iliyoungua. Posa ilikuwa ya mchana, wazee wa watu wamekaa wanatungoja, na kile "alichonacho" nilichokuja kuonyesha ninavyokitunza kilikuwa kinatoa moshi masikioni.

Akatokea dereva wa lori la mbao, mtu mwema ambaye Mungu ambariki na amsamehe kwa yaliyofuata, maana hakujua. Akasema anakwenda Dodoma na lazima apite Iringa mjini, atatuvuta mpaka mlangoni. Akafunga kamba, mimi nikashika usukani wa gari lililokufa, na tukaingia Mlandege hivyo, mchana kweupe: mbele lori limejaa mbao mpya za misonobari mpaka juu, nyuma Askofu anafuata kama mbuzi wa kafara.

Sasa sikilizeni. Kina mama wa ukweni walikuwa wamejipanga getini kutupokea. Wakaona lori. Wakaona mbao. Wakamwona na Mjomba, maana Mjomba alikuwa ameomba kukaa mbele na dereva wa lori ili asichafue suti, anashuka kutoka kule juu taratibu, mkono kifuani, kama mwenye mali. Nani angewalaumu? Vigelegele vilipasuka mtaa mzima ukatoka nje! Mama yake Oliva akafunga khanga kiunoni akacheza mpaka kwenye tairi la lori akaligusa, akitusalimu kwa Kihehe. "Kamwene, kamwene! Wakwe wametuletea mbao! Tutaezua lile banda tujenge nyumba!"

Nikamtazama Mjomba nikimwomba kwa macho aseme kweli. Na Mjomba (nampenda, lakini siku ya hukumu tutasimama mafungu tofauti) umati ukimpigia vigelegele huwa anapoteza kumbukumbu. Akainua mkono akanguruma kwa besi: "Sisi tumekuja kujenga!" Alimaanisha kujenga undugu. Alikula kiapo baadaye kwamba alimaanisha undugu.

Baba yake Oliva akatoka ndani, mzee mrefu, fimbo mkononi. Akazizunguka zile mbao, akagonga moja kwa kidole, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Zimekauka vizuri," akasema. "Vijana, safisheni pale nyuma ya jiko, zipangwe kwa kuachiana nafasi zipate hewa." Vijana wanne wakavua mashati. Mmoja akapanda juu ya lori akashika ubao wa kwanza.

"We, we, we!" Dereva wa lori akaruka chini. "Unapeleka wapi mbao zangu? Mzee shikamoo, mimi nawahi Dodoma. Nimewaletea hili tu." Akafungua kamba, akamwonyesha mzee Askofu kwa kidole, akapanda, akawasha, akaondoka.

Mahari yetu ikakata kona ikapotea na yule kijana akaruka kutoka juu yake ikiwa inatembea. Kigelegele kimoja kilichokuwa bado njiani kooni mwa bibi mmoja kikafika kikiwa peke yake, kikafia hewani. Shangazi Sekela akatoka kwenye Askofu na ndizi zake mkononi, akapiga goti, akasema kwa sauti ndogo, "Na ndizi hizi."

Tukakaribishwa ndani, maana Wahehe hawamfukuzi mgeni hata akiwa mchekeshaji. Kwa mila, bwana harusi haongei, mshenga ndiye mdomo. Lakini mdomo wetu siku hiyo ulikuwa umekauka, hivyo mzee alipouliza gari lina nini, nikajibu mwenyewe. Nikawaeleza koroboi. Nikawaeleza na kiasi inachokunywa kutoka Mbeya mpaka Igawa. Nikatoa na ile globu mfukoni nikaiweka mezani, kati ya sahani ya karanga na jagi la ulanzi, ile pombe ya mianzi, kama ushahidi kwamba mimi si mzembe, nilichukua hatua.

Mzee aliitazama globu. Akaisukuma kwangu kwa ncha ya kidole.

"Oliva hataitwa leo," akasema. "Gari lako liache hapa Mlandege, litengenezwe hapa hapa, tunaliona. Siku litakapoingia getini kwa miguu yake, na hiyo globu ipo mahali pake, nitamwita binti nimuulize kama anakufahamu. Lisipoingia, hakufahamu."

Tulirudi Mbeya kwa basi. Mjomba hakuimba.

Fundi wa Mlandege alilifungua. Mimi nilikuwa Mbeya nikiuza viatu kwa uchungu, habari nikizipata kwa Oliva, ambaye kila akitoka kazini alipita gereji kumjulia hali Askofu na kumuuliza fundi maswali. Akinitumia picha na mimi najibu kwa busara zangu. Picha ya chini ya injini: lile beseni la oil limefunguliwa, na ndani yake kichujio kimezibwa na tope jeusi zito kama ugali wa ulezi uliolala. Vyuma vya ndani vimelika. Halafu, baada ya majuma mengi ya vipuri na subira, picha ya geji ya presha iliyofungwa kwenye injini, mshale umesimama wima. Nikamwandikia: "Kwa hiyo koroboi imepona?" Hakujibu. Nadhani alifikiri natania.

Siku ya pili ya posa tulikuja kwa basi, mimi na wazee wangu wale wale, nikalichukua gari gereji nikaliingiza getini mwenyewe, linanguruma taratibu kama paka aliyeshiba. Mtaa ulitoka tena kuangalia kama kuna mbao. Mzee akafungua mlango, akainama, akanielekeza nizungushe ufunguo nusu. Taa ikawaka, nyekundu. Akasema washa. Nikawasha, taa ikazima. Akatikisa kichwa kwa namna ile aliyozitikisia mbao, akaingia ndani, na Oliva akaitwa.

"Hawa watu unawafahamu?"

"Nawafahamu, baba."

"Na huyu?"

"Namfahamu. Ndiye aliyeng'oa globu."

Chumba kikacheka mpaka Mjomba akamwaga ulanzi kwenye suti. Mzee peke yake hakucheka. Akanigeukia mimi, akampita mshenga kama hayupo.

"Sasa wewe, kwa mdomo wako. Ile taa ikikuwakia njiani, na humo ndani umempakia huyu binti, utafanya nini? Ukijibu hili, kina mama wapige vigelegele. Usipojibu, mkale mwende."

Ndugu zangu, nilikuwa na jibu! Nilikuwa nimelifanyia mazoezi tangu Igawa. Nikakohoa, nikakaa sawa. "Baba, safari hii haina shida, kwa sababu fundi amenifungia globu isiyokunywa sa..."

"Atazima gari, baba," akasema Oliva.

Binti akishajibu kama anawafahamu wageni hana ruhusa ya neno jingine, kila mtu pale alijua, na yeye alijua zaidi. Mzee akamtazama binti, akanitazama mimi, akamtazama tena binti.

"Atazima?"

"Atazima," akasema Oliva. "Nitakuwa nimekaa pembeni yake."

Mzee akashusha pumzi ndefu ya mtu anayeuza ng'ombe mzuri kwa mnunuzi mjinga, akawapungia kina mama mkono. Shangazi Sekela ndiye aliyeanza, kigelegele cha Kinyakyusa kilichotoka kwenye visigino, wengine wakadakia, nyumba ikajaa kelele. Na humo ndani ya kelele Oliva akaja kunimiminia ulanzi, akainama mpaka mdomo wake ukafika sikioni kwangu, nami nikajiandaa kusikia neno la mapenzi.

"Ipyana, nisikilize. Ile taa hainywi oil. Inakwambia presha imeshuka, oil haifiki kwenye injini. Ikiwaka, simama, zima gari. Hapo hapo."