Maji ya Omena Kwenye Nyasi za Wageni

Leo naweza kusimulia, lakini siku ile ningepata shimo ningejifukia mwenyewe. Nyasi za mbele ya nyumba yangu hapa Matayos ndizo fahari yangu (wengine wana ng'ombe, mimi nina nyasi), na kiangazi kilizikausha zikawa rangi ya ugoro, wiki ileile watu wa Funyula walipokuwa wanakuja kumposa binti yangu Nabwire.

Mume wangu akaniambia, "Wachana nazo, Mama Nabwire. Mvua ikikuja zitarudi zenyewe."

Sikusikia. Bomba lilikuwa limekauka, kwa hiyo nikaenda kwa jirani anayeuza omena sokoni, nikabeba ndoo zote za maji aliyooshea samaki, nikamwagilia nyasi jioni ya kuamkia ugeni na asubuhi nikaongeza tena, huku nikijisifu kwamba nimepata maji na mbolea kwa pamoja.

Jua likapanda. Wageni walipoketi kwenye viti nilivyowapangia palepale katikati, harufu ilikuwa imeshatangulia kuwapokea, na nzi, na paka wa mtaa mzima, na mbwa wakifukua nyasi zangu kwa bidii. Hakuna aliyeziba pua, na adabu yao ndiyo iliyoniumiza zaidi. Nabwire akanitazama, machozi yakimlengalenga. Mbwa mmoja akaikaribia nyama niliyowaandalia wageni, nikavua kiatu nimfukuze, nikateleza kwenye tope la maji yale, nikaangukia mikononi mwa Wandera, bwana harusi mwenyewe!

Sasa, kwetu mkwe hampi mama wa msichana hata mkono (tunasalimiana kwa mbali, kila mtu akitazama kando), sembuse kumdaka mbele ya wazee. Wandera akashtuka, akaniachilia, nikamalizia kuanguka. Nikajua nimemharibia mwanangu ndoa.

Mama yake Wandera ndiye aliyekuja kuniinua.

"Amka, dada. Mimi nimeanika omena maisha yangu yote. Tulipofika kwa geti nilidhani tumerudi kwetu." Kisha akawageukia wazee. "Mlitaka kijana aache mama avunjike mgongo? Hebu tuendelee."

Wazee wakaangua kicheko, na mimi nikalia kwa shukrani.

Nabwire yuko kwake Funyula sasa. Wandera akija hunisalimia kutoka mbali kabisa, na kiangazi kikija naziacha nyasi zikauke zinavyotaka. Mama yake hunitumia omena kavu, na haachi kuagiza: "Mwambieni hizi ni za sufuria."