Agapiti Alivyoinyamazisha Nyumba Yake

Agapiti alikuwa mkulima wa korosho hapa Lionja, Mmakua ambaye baba yake alivuka Ruvuma kutoka Msumbiji. Alikuwa na nguvu za kung'oa kisiki peke yake. Ubavu wa kumkatalia mtu mwenye tai hakuwa nao.

Mwaka 1996 binti yake Prisca alianza darasa la kwanza. Kwenye madawati ya mbele walikaa watoto wa bwana shamba na wa wanunuzi wa korosho, waliopitia chekechea Nachingwea mjini na ambao kwao vitabu vya picha vilizagaa hata uvunguni. Watoto wa wakulima walikaa nyuma, sakafuni, kundi zima likichungulia kitabu kimoja. Kufikia Juni wa mbele walikuwa wanasoma. Prisca aliimba ukurasa kwa kichwa, kitabu kikiwa juu chini.

Mwalimu Edwin, kijana aliyevaa tai hata jua likichoma, akamwita Agapiti.

"Mzee, mtoto wako mzito. Nyumbani mnasema lugha gani?"

"Kimakua, mwalimu."

"Ndiyo maana! Acheni hicho kilugha, la sivyo atarudia darasa mpaka aote mvi."

Baba mwenye akili angeuliza habari za vitabu. Agapiti alisema, "Asante, mwalimu," akaenda kupiga marufuku Kimakua nyumbani kwake.

Mama yake, Bibi Moza, Kiswahili chake kiliishia kwenye bei ya chumvi. Mkewe alijua cha sokoni tu. Zile jioni ambazo bibi alisimulia habari za binti aliyeolewa na chatu, wajukuu wakiitikia mpaka sisi majirani tunacheka, zikafa. Neno likimponyoka mtu, Agapiti alifoka, "Kiswahili!"

Masoudi, Mmwera jirani yake, alimsimanga kwa utani wao. "We Mmakua, kwako kuna msiba? Nimepita, mnakula kama mmeiba kuku."

"Tunamsomesha mtoto."

"Kwa kumziba bibi yake mdomo? Kweli akili mliziacha ng'ambo ya Ruvuma."

Mimi nilimwambia kwamba mtoto hujazwa maneno kwanza, ndipo asome. Akanijibu kuwa sina cheti. Kweli sina.

Prisca alirudia darasa, akarudia tena. Mwishoni mwa mwaka 1998, wale wa mbele wakimaliza la tatu, ndipo akajua kusoma. Agapiti akachinja kuku, akatuita majirani, Mwalimu Edwin mgeni wa heshima. Binti alisimama akasoma ukurasa mzima wa ng'ombe na maziwa bila kukwama.

Bibi Moza akamshika mkono, akamuuliza kwa Kimakua kitabu kinasema nini.

"Mwambie bibi," Agapiti akasema, sauti imelegea. "Mwambie kwa Kimakua. Leo ruksa."

Mtoto akafungua mdomo. Akatoa neno moja, akalikata, akamtazama mama yake.

"Siwezi, baba."

Bibi akauachia mkono. Masoudi, mwenye mzaha kwa kila jambo, aliinamia sahani yake. Mwalimu Edwin ndiye aliyepiga makofi.