Sura Niliyoshindwa Kuichora

Nilifundisha kuchora kwa miaka kumi na sita katika shule moja ya mjini Lindi, enzi za utawala wa Mwingereza, na katika miaka yote hiyo sikumfundisha mtoto hata mmoja kuchora uso wa mtu. Hakuna aliyenikataza. Sharti hilo nilijiwekea mwenyewe, kwa ajili ya baba yangu.

Baba alisomesha watoto Kurani kule Kilwa Kisiwani. Nilipomaliza masomo ya ualimu nikamweleza kwamba nimepangiwa kufundisha kuchora, aliiweka tasbihi yake juu ya mkeka.

"Utachora nini?" akauliza.

"Mitungi, Baba. Majani, masanduku, nyumba."

"Na watu?"

"Watu hapana."

"Na wanyama?"

"Hao pia hapana."

Akaiokota tasbihi yake. Hatukulizungumza tena jambo hilo mpaka alipofariki.

Ahadi ile niliishika kwa kuwa nilimpenda, lakini leo sioni aibu kusema kwamba ilinifaa pia. Wazazi wengi wa mjini walikuwa na wasiwasi na somo langu. Mzee akinisimamisha sokoni kuniuliza ninawafundisha nini watoto wao, nilikuwa namkaribisha shuleni, namfungulia madaftari ukurasa kwa ukurasa. Anaona mitungi. Anaondoka ameridhika, na mimi naishi kwa amani.

Mwenyewe nilichora pia. Kila likizo nilivuka kwenda Kisiwani nikachora kuta za magofu, matao ya msikiti wa kale, mizizi iliyopasua mawe. Vita vikuu vya pili vilipoanza, rangi za Ulaya ziliacha kuja. Tukatumia nili ya kufulia kupata buluu, manjano ya jikoni, na udongo mwekundu uliochanganywa na utomvu wa mkorosho. Karatasi tulichora upande wa nyuma wa fomu kuukuu za forodha. Picha zangu mbili zilitundikwa boma, kwenye ofisi za serikali. Ofisa mmoja wa Kizungu alizitazama, kisha akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kukatakata, "Watu wa mji huu wako wapi?" Nilicheka, naye akacheka, yakaishia hapo.

Katika miaka hiyo nilikuwa na mwanafunzi mmoja kutoka Milola. Alikaa kwa mjomba wake Mitwero, akija shuleni kwa miguu kila asubuhi. Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi nzito ya Kimwera, wenzake wakimcheka, kwa hiyo alikuwa haongei sana. Lakini mkono wake ulikuwa na kitu ambacho mimi mwalimu wake sikuwa nacho. Niliweka mtungi mezani, darasa zima likachora mtungi. Yeye alichora mtungi uliojaa maji. Mdomo wa mtungi haukuonyesha maji yoyote, na bado ukiutazama ulijua ni mzito. Niliitazama karatasi ile mchana kutwa nikijaribu kuelewa alifanyaje.

Siku moja nilipita kukusanya kazi. Chini ya karatasi yake palikuwa na nyingine, na wenzake wa dawati la nyuma walikuwa wameshaiona, wanazuia kicheko. Nikaivuta. Nilikuwa mimi. Nimekaa kwenye kiti changu, shingo imeinama kidogo, midomo nimeibana, macho yanatazama mlangoni kama ya mtu anayengojea kukaripiwa. Hakunichora kwa dhihaka. Alikuwa ameniona jinsi nilivyo, na watoto arobaini wakaniona pamoja naye.

Nilimwita mbele nikamchapa fimbo sita.

"Nimekosa nini, mwalimu?" akauliza.

"Umechora mtu."

"Nilikuwa nachora ninachokiona."

Nikaichana karatasi ile mbele yake, vipande vidogo kabisa, nikavitupa dirishani. Tangu siku hiyo alichora mitungi kama ya wenzake. Nilimpa alama nzuri, nikajiambia kwamba amekua.

Alipomaliza shule akajiandikisha keya, askari wa Mwingereza. Alikuja kuniaga. Nilikuwa nasahihisha madaftari ya darasa la chini, na nakumbuka vizuri kwamba sikuinua kichwa.

"Mwalimu, naondoka kesho."

"Nenda salama," nikasema, nikageuza ukurasa.

Vita vilikuwa vimekwisha karibu mwaka mzima mwanamke mmoja alipobisha hodi mlangoni mwa darasa langu, watoto wameshatawanyika. Miguu yake ilikuwa imejaa vumbi hadi magotini. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akakataa kiti, akakaa kwenye dawati la mwanafunzi.

"Natoka Milola," akasema. "Mwanangu ulimsomesha wewe." Akamtaja. "Boma walinipa karatasi, karani akanisomea. Amefia vitani, huko Bama. Nikamuuliza kaburi liko wapi, akasema karatasi haijasema."

Nikampa pole. Alitikisa kichwa kama mtu aliyekwisha kupewa pole nyingi.

"Mwanangu alikuwa akiniambia hakuna fundi wa kuchora kukushinda wewe. Basi nimekuja unichoree yeye."

"Mama, unayo picha yake yoyote? Ya kupigwa?"

"Ningekuwa nayo ningetembea mpaka kwako?" Akapangusa vumbi magotini. "Mwalimu, sura yake imeanza kunitoka. Asubuhi naamka ninayo, nikishika jembe imeondoka. Wewe ulikaa naye miaka mitatu unamtazama. Nichoree kabla haijakwisha."

Baba alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Hata angekuwa hai, sidhani ningeweza kumkatalia mama yule. Nikamwambia arudi mwezi ujao.

Nilikaa na karatasi nyeupe, penseli mkononi. Niliyakumbuka magoti yake, shati lake lililopauka begani, vidole vyake virefu, jinsi alivyoitafuna penseli kabla ya kuanza. Niliukumbuka mtungi wake kila mstari. Uso wake haukuja. Kwa miaka mitatu nilikuwa nimeitazama kazi ya mtoto yule, naye mwenyewe sikumtazama. Na hata kama ningemkumbuka, mkono wangu haukujua kope inavyoshikana na jicho, wala shavu linavyoteremka kuelekea mdomoni. Nilikuwa mtu mzima, mwalimu wa kuchora, na sikujua kuchora pua.

Nilikwenda Mitwero kwa mjomba wake. "Uso wake?" akasema mjomba. "Alikuwa mtoto mtiifu. Uso wa kawaida tu." Nikawatafuta aliosoma nao. Mmoja alisema alikuwa na uso wa duara, mwingine akaapa kwamba ulikuwa mrefu. Nikachora kijana, kijana yeyote wa Kimwera, nikamngojea mama.

Alikuja. Akaishika karatasi kwa ncha za vidole, akaitazama.

"Huyu ni nani?" akauliza.

Tukaanza upya. Yeye akieleza, mimi nikifuta na kuchora. Macho yasogee karibu. Paji la uso lipungue. Pua iwe ya marehemu baba yake, lakini baba yake naye sikumjua. Alirudi baada ya palizi, akarudi tena baada ya mavuno, kila mara kwa miguu, kila mara na kifurushi cha mbaazi au muhogo mkavu kwa ajili ya watoto wangu. Kila mara alisema, "Siye," kwa upole, kama anayeogopa kuniumiza.

Safari ya tano niliweka mezani karatasi mpya. Aliitazama kwa muda mrefu sana. Kisha akaweka kiganja juu yake.

"Ndiye," akasema.

Sijui nieleze vipi furaha niliyoipata. Nilisimama, nikaanza kupanga karatasi zilizotapakaa mezani ili nimfungie ile moja, na katika kupanga, ile ya safari ya pili ikadondoka miguuni pake. Akaiokota.

"Na huyu ndiye," akasema.

"Mama, hiyo uliikataa."

"Niliikataa?" Akaziweka mbili pamoja. Vijana wale hawakufanana, hata kipofu angeona. Aliangalia huyu, akaangalia yule. Akaomba na zile nyingine. Nilipaswa kumnyima, lakini nikampa. Akazitandika zote juu ya dawati.

"Wote ndiye," akasema. "Mwalimu, wote ndiye. Simjui tena."

Nilitaka kusema kitu. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Nilikuja hapa na kidogo. Asubuhi nilikuwa nakipata, hata kama ni kidogo. Sasa nikifumba macho nawaona hawa wa kwako." Akazirundika karatasi, akazigeuza kifudifudi. "Hukufanya kwa ubaya. Mimi ndiye niliyekuomba."

Akajifunga kanga yake, akaniaga kwa heshima, akaondoka bila kuchukua hata moja. Sikumwona tena Lindi.

Nilimsimulia mke wangu yote, pamoja na fimbo sita na karatasi niliyoichana. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo.

"Mama wa watu ulimwambia kwamba ulimpiga mwanawe?" akauliza.

"Sikumwambia."

"Alikuja mara tano, baba watoto."

"Najua."

Akaendelea na mchele wake, wala hakunilaumu kwa neno lingine. Afadhali angenilaumu. Mara mbili nilianza safari ya kwenda Milola kumtafuta yule mama, na mara zote mbili niliishia Mitwero, nikakaa kivulini kwenye kibaraza cha duka, nikarudi. Mara ya tatu sikujidanganya kwamba naondoka.

Darasani niliendelea kuweka vitu mezani na watoto wakaendelea kuvichora, ila nilikuwa siwezi tena kusahihisha. Niliandika alama bila kutazama. Brashi zangu zilikauka zikiwa na rangi, na ile safari ya likizo kwenda kuchora magofu nikaiacha.

Baada ya miaka michache ratiba ikabadilishwa. Kuchora kukaondolewa, nafasi yake wakapewa watu wa kilimo, nami nikahamishiwa Kilwa kufundisha hesabu. Mkaguzi wa shule aliyeniletea habari hiyo alikuwa mtu mwema, alidhani ananivunja moyo. Alisimama kwenye chumba changu akitazama kuta zilizojaa mitungi ya miaka kumi na sita.

"Kama una malalamiko, mwalimu, yaandike," akasema. "Mimi mwenyewe nitayapeleka."

Nikamwambia sina. Nikaanza kuzibandua karatasi ukutani, moja baada ya nyingine, naye akanisaidia zile za juu nisizozifikia.