Mitini Niliyoipeleka Muyinga

Naandika haya kwa aibu isiyopoa. Katika ndoo sebuleni kwangu Magarama, mjini Gitega, niliotesha vipandikizi vya mtini ili niwagawie wakulima wenzangu wa Muyinga. Mume wangu akachomeka humo humo vijiti vya umuvumu, mti wetu wa uzio. Nusu ya vijiti ilioza. Nikamcheka, nikavitupa vilivyooza nikiamini ni vyake, na vilivyotoa mizizi nikavipeleka Muyinga pamoja na hotuba ndefu kwamba tini zinalipa kuliko kahawa.

Majani yalipotoka, Mama Odette, mjane anayeishi kwa kahawa yake, alinipigia simu: mbona hayana mapengo kama ya mtini?

“Mtoto hazaliwi na ndevu,” nikamjibu, mimi msomi.

Juzi nilikwenda kumtembelea. Akanipeleka nyuma ya nyumba, kwenye shamba lake dogo. Kahawa haikuwapo tena. Ilisimama miti yangu peke yake, imenyooka kama uzio.

“Madame,” alisema kwa upole ulioniumiza kuliko tusi, “mi niliona iko umuvumu tangu mwanzo. Lakini we umesoma, nikang'oa kahawa. Sasa huu uzio utalinda nini?”