Zamu ya Nne na ya Saba

Ningeweza kusema hapana siku ile, na hapana ni neno fupi ambalo hata mtoto wa darasa la kwanza analiweza, lakini mwenyekiti wa bodi ya chuo alinishika bega na kuniita mtu wa maana, nami nikasema ndiyo. Naona haya kulisimulia hili mpaka leo, na mimi ni mzee niliyeaibika mara nyingi.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, katika chuo kidogo cha ufundi hapo Embu. Nilikuwa nimestaafu kutoka Kibugu, nilikokuwa nikikagua majani chai kwenye kituo cha kununulia (majani mawili na chipukizi, mengine yote unatupa), na Igoki, binti wa marehemu ndugu yangu ambaye nilimlea tangu darasa la pili, akanitafutia kazi ya kutunza chumba cha kompyuta alimokuwa akifundisha. Nilikuwa na kidato cha nne na taipureta, basi.

Chuo kilikuwa na kompyuta moja kubwa iliyohudumia skrini kumi na mbili za wanafunzi. Ndani ya kompyuta kuna programu inayoitwa kiini, ambayo ndiyo inayogawia programu nyingine zote nafasi ya kufanya kazi, kama karani anayepanga foleni ya wachumaji kwenye mizani. Igoki alikuwa amepata kiini kipya kilichosifiwa kwa kasi, lakini yeye hakuwa mtu wa kuamini sifa. Aliandika programu ya kukipima: kompyuta inajiwasha, inajipa kazi nyingi kwa pamoja, inahesabu muda, inachapisha, inajizima na kuanza tena, mara kumi, bila mkono wa mtu. Diski ilikuwa ndogo, kwa hivyo matokeo yalibaki kwenye karatasi tu. Kazi yangu ilikuwa kutia karatasi kwenye printa, kisha kupiga taipu muhtasari wa ukurasa mmoja, maana yeye alikuwa ameenda Makutano, Meru, kutafuta nyaya, na Ijumaa tulikuwa na wageni. Mmoja wao alikuwa mama kutoka chuo kikuu Nairobi, ambaye alikuja kuamua kama atamchukua Igoki akasome na kufanya kazi chini yake.

Kati ya zamu hizo kumi, nane zilitoka vizuri, haraka kuliko kiini cha zamani. Ya nne na ya saba, mashine ilikwama nusu dakika nzima ndipo ikaendelea. Mwenyekiti akachungulia juu ya bega langu.

"Nyaga, hizi mbili ni za nini?"

"Ndivyo ilivyotoka, mwenyekiti."

"Wewe si ni mtu wa majani chai? Mgeni hupelekewa majani mabovu? Chambua! Ama hutaki msichana wako aende Nairobi?"

Akanishika bega, akaniita mtu wa maana, nami nikasema ndiyo, nikachambua. Nilidhani namsaidia. Lakini ukitoa mbili kwa kumi zinabaki nane, na Igoki alitaka kumi, basi nikanakili namba za zamu ya tatu mahali pa ya nne, na za ya sita mahali pa ya saba, halafu nikaanza kuogopa kwamba karatasi za printa zitanichoma, nikazipeleka kwa Mama Wanja wa jikoni awashie moto (sasa nilikuwa na makosa matatu, na hata saa nne ya chai haijafika). Igoki aliporudi nikamwambia printa ilizitafuna. Akasoma muhtasari wangu, akatabasamu, akasema, "Asante, anko," akaweka kile kiini kipya. Kila nikimwona kwenye ukumbi nilifungua mdomo nimwambie, kisha nikauliza habari ya nyaya.

Ijumaa asubuhi wazazi walijaa, na yule mama wa chuo kikuu akakaa mbele na daftari lake. Wanafunzi kumi na wawili wakabonyeza kwa pamoja. Skrini zote zikaganda. Mimi peke yangu nilijua ni nini, nikawa nahesabu moyoni, nikingoja ile nusu dakika ipite mashine iamke. Ikapita. Haikuamka.

"Imelala hiyo!" mzazi mmoja akapaza sauti. "Iletewe chai!"

Watu wakacheka. Mwenyekiti, bila haya, akauliza, "Mwalimu, hii kitu ilipimwa kweli?"

"Ilipimwa mara kumi," Igoki akajibu, akachukua ukurasa wangu. Akausoma, akausoma tena. "Anko, ya tatu na ya nne ni sawa mpaka namba ya mwisho. Ya sita na ya saba pia. Mashine haifanyi hivyo. Karatasi zenyewe ziko wapi?"

"Printa ilizitafuna."

"Zote kumi?" yule mzazi akadakia. "Hiyo printa ina njaa kuliko sisi!"

Mama Wanja alikuwa mlangoni na birika, na kwa nia njema kabisa akasema, "Si ni zile ulinipa niwashie jiko, Mzee Nyaga? Ziliwaka vizuri sana!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Nikamtazama mwenyekiti, naye akatazama dirisha. Sikumtaja, vidole vilivyopiga taipu vilikuwa vyangu. Nikasimama, nikasema, "Nilizitoa mbili mbaya, nikaandika zingine."

Yule mama hakucheka. Alifunga daftari, akamwambia Igoki, si mimi, "Nilikuja kuona kipimo kisichoguswa na mkono wa mtu, mwalimu. Nawe ukampa mtu akushikie."

Igoki hakunigombeza. Aliniambia polepole, watu wakitoka, "Hizo mbaya ndizo nilikuwa natafuta, anko. Ningeziona, ningeendelea na kiini cha zamani, na leo tungemaliza vizuri."

Jumatatu niliacha kazi, na hilo halikuniuma. Igoki hakuchukuliwa na chuo kikuu. Alihamia Kangeta akafundisha hesabu katika shule ya upili, na wakwe walipokuja kuzungumza mahari, aliyekaa mahali pa baba yake alikuwa mjomba wake wa upande wa mama. Mimi nilisikia kwa watu, wiki tatu baadaye. Ana watoto watatu sasa, na hakuna hata mmoja wao anayenijua.