Kuku wa Bibi Waliofunga

Juzi, dukani Tegeta, muuza dawa za mifugo alimwambia mteja awanyime kuku maji kwanza, ndipo awape dawa ya minyoo. Nikabaki nacheka peke yangu.

Nilikumbuka Ramadhani ya utotoni, nilipokuwa nafunga kwa mara ya kwanza. Kuku wa bibi walishinda na kiu, midomo wazi, nami nikajua wamefunga. Nikaona haya, maana mie nilishakunywa maji bafuni kwa siri. Alasiri, jikoni kunanukia tambi za nazi, bibi akawapelekea maji meupe kama tui. Wakayagombania.

"Bibi, mbona wanafuturu mapema?"

"Hawa wana minyoo."

Nilichanganyikiwa. Kumbe ukiwa na minyoo unaruhusiwa?

"Hata mie ninayo, bibi."

Hakucheka. Alinishika kidevu, akauliza, "Umekunywa maji saa ngapi?"