Msako wa Lurambi na Vidonge vya Elkanah

Saa mbili asubuhi Khalayi anagonga mlango wa mabati nyuma ya kinu cha kusaga mahindi, Lurambi. Anagonga mara moja tu, kisha anangoja. Akigonga tena, walio ndani watadhani ni polisi, watorokee nyuma.

"Nani?"

"Mama dawa."

"Uko peke yako?"

"Unasikia miguu mingapi?"

Kicheko, halafu kikohozi, halafu mlango unafunguka kiasi cha bega. Moshi wa bangi unatoka kumlaki. Dirisha limezibwa kwa gunia la mbolea, na juu ya gunia nailoni. Ndani wanaume kadhaa wamebanana, msokoto mmoja ukitembea mdomo kwa mdomo.

Khalayi ni mhudumu wa afya ya jamii. Kazi yake ni kuwafuata wagonjwa wa kifua kikuu na kuhakikisha wanameza dawa mbele ya macho yake. Amewafuata kwenye miwa, vilabuni, hata matangani. Magoti yamechoka, na posho huja inapotaka.

Zamani watu hawa walivutia kando ya mto, penye upepo. Kisha misako ikazidi. Aliyekutwa na kipande cha msokoto alilala korokoroni, akapelekwa kortini. Wakahamia chumbani. Na kwa kuwa harufu ndiyo humleta polisi, wakaziba kila tundu.

"Niliwaambia wafungue dirisha," anasema Khalayi. "Wakanijibu, Mathe, hewa safi inakujanga na karao." Karao kwao ni polisi.

Chumba hicho kisichopitisha hewa kimeshatoa wagonjwa watatu wa kifua kikuu. Wa kwanza ni Elkanah, fundi viatu wa miaka thelathini na mmoja. Alianza dawa vizuri, mwili ukarudi, akaanza hata kuringa. Ndipo akashikwa na polisi katika msako.

Khalayi alimpelekea vidonge kituoni. Mezani alimkuta Konstebo Oduor, ambaye Jumapili huimba naye kwaya.

"Mama, hapa si zahanati," Oduor alimwambia, bila ukali. "Akimeza hiyo kitu azimie, nani ataulizwa? Si mimi?"

Khalayi akarudi nyumbani na vidonge vyake.

Elkanah alipoachiliwa, hakwenda kliniki. Njia ya kliniki hupita mbele ya lango la polisi, na yeye hakutaka kuonekana. Siku zikapita bila dawa. Kikohozi kikarudi, safari hii na damu, akaanzishwa dawa upya. Daktari alimweleza Khalayi waziwazi: akikatiza tena, ugonjwa unaweza kuzoea dawa, na zile zitakazobaki ni kali, za muda mrefu, na huenda zisimfae.

Sasa kuna minong'ono ya msako mwingine. Mkuu mpya wa kituo amefika, na sokoni wanasema anataka kuonyesha kazi.

Khalayi anamimina maji kwenye kikombe. Elkanah, aliyebanana na wenzake humo, anameza vidonge, anakunja uso.

"Fungua mdomo nione."

"Mathe, mimi si mtoto."

"Mtoto angekuwa ameshafungua."

Wenzake wanacheka. Elkanah hacheki. Anafuta midomo kwa kiganja na kusema polepole, "Kesi naeza vumilia. Lakini wakinifungia bila hii dawa, hawatanitoa nikitembea."

Khalayi anafunga mkebe wa vidonge. Bangi yenyewe haipendi. Ilimharibia kaka yake akili, na anawaambia hivyo kila anapofika. "Mimi sisemi wasishikwe," anasema. "Nasema mtu akishikwa, ashikwe pamoja na dawa yake."

Jumatatu anapanga kumchukua daktari wa kliniki waende wote kwa huyo mkuu mpya. Wataomba jambo moja: mgonjwa aliye korokoroni aletewe dawa kila asubuhi, ameze, mhudumu aende zake. Jumapili baada ya ibada atamshika Oduor mkono, awatangulizie neno kwa mkuu wake.

"Na wakikataa?" Elkanah anauliza.

Khalayi ameshafika mlangoni. Anachungulia barabara kwanza, huku na huku.

"Si nitarudi kwao Jumanne."